Mzaha wangu juu ya kaburi umegeuka wimbo wa mechi

Mama Getruda mpendwa, mshauri wetu wa gazetini,

Pokea salamu kutoka huku Hanang kwenye mashamba ya ngano. Naomba msaada wako na naomba jibu lije haraka, kwa sababu jambo langu lina siku yake na siku hiyo haiko mbali. Mwandiko wangu unisamehe, maana naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya kombaini na mikono yangu imezoea usukani kuliko kalamu.

Mimi ni mwendesha kombaini katika shamba la serikali, kwetu ni Bashay kule Mbulu, nina mke anaitwa Fransiska na watoto wanasoma, pombe sinywi sana, na kama kuna kitu kinachonilevya ni mpira wa kikapu, tena siyo ule wa redioni bali huu wa vyuo vyetu, yaani kila mwaka wakati wa mavuno chuo cha kilimo hucheza na chuo cha ualimu kwenye uwanja wa saruji wa misheni karibu na Dongobesh, na huku shambani mechi hiyo tunaanza kuicheza kwa midomo wiki nyingi kabla wachezaji wenyewe hawajafunga kamba za viatu. Sisi wengi ni wa chuo cha kilimo kwa sababu mafundi wetu wamesoma huko, na msimamizi wetu pia. Nesi wa zahanati na walimu wawili watatu wa hapa kambini ndio wa chuo cha ualimu, nao huwa tunawachokoza mpaka wanakataa chai.

Labda hujui, mama, kwamba ngano haivunwi ikiwa na umande. Asubuhi kombaini zinasimama kwenye mstari na sisi tunakaa chini yake tukisubiri jua likaushe masuke, na hakuna wa kutugombeza, kwa sababu hata mkurugenzi mwenyewe akija hawezi kuukausha umande kwa amri. Basi hapo ndipo mechi inapochambuliwa. Mmoja anachora uwanja kwenye vumbi kwa spana, mwingine anaweka nati na boliti kuwa wachezaji, na mimi ndiye ninayesema Gervasi wa kilimo ni mfupi lakini ana mkono, Nicodemo aanzie benchi aje awamalize wakiwa wamechoka, na kadhalika, na nikinyamaza wananiambia Urban leo unaumwa nini. Nakiri kwamba nilipenda kusikilizwa. Kwenye kazi yangu unakaa juu peke yako siku nzima na mashine inanguruma, hakuna anayekusikia, kwa hiyo ile asubuhi ya umande ilikuwa ndiyo saa yangu.

Sasa nikueleze kuhusu mzee Gidahosh. Huyu ni Mbarbaigi, mlinzi wa mashine zetu, mtu mzima kwangu ambaye namwamkia shikamoo, na ardhi hii tunayolima ilikuwa malisho ya ng'ombe wa kwao kabla shamba halijaja. Baba yake alizikwa humo humo. Kwao mzee mwenye heshima hujengewa kilima cha udongo juu ya kaburi na watu wa ukoo wanakusanyika kwa muda mrefu kukijenga, siyo kaburi la kuchimba leo na kusahau kesho. Vilima vingine vililimwa trekta zilipoingia, mimi nikiwa sijaajiriwa. Kile kimoja kilibaki kwenye kipande ambacho baadaye nilipewa mimi, kipo ndani kabisa, ngano ikisimama hukioni kutoka barabarani.

Msimu wangu wa kwanza nilipofika pale na plau, nilimkuta mzee amesimama mbele ya trekta na fimbo yake, hakupiga kelele, alisema tu, "Hapo amelala baba. Zunguka." Nikazunguka. Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo nikilima nazunguka, nikipanda nazunguka, nikivuna nazunguka, na yeye hajawahi kunishukuru kwa maneno ila Fransiska anajua maziwa yanayofika nyumbani kwetu kwenye kibuyu yanatoka wapi. Mtoto wake Hermani ndiye aliyekuwa anayaleta tangu akiwa mdogo, mwembamba, akiruka mitaro na kibuyu mkononi bila kumwaga. Mama, huyo Hermani leo yuko chuo cha ualimu na ndiye mchezaji wao hatari kuliko wote, anaruka kana kwamba chini kuna moto.

Ndipo asubuhi moja wiki iliyopita tulikuwa chini ya kombaini tunachambua kama kawaida, umande ulikuwa mzito, na Sulle, fundi wetu wa karakana, mtu wa nyimbo na mizaha, akasema, "Wewe Urban acha kutudanganya, hebu tuambie huyu Hermani atazuiwa na nani, maana mwaka jana alituruka kama mbuzi." Wote wakanigeukia. Ukweli, mama, ni kwamba hatuna mchezaji wa kumzuia, na badala ya kusema hivyo nikatafuta kicheko. Nikasema, "Huyo mnamshangaa bure, kajifunza kuruka kwenye kaburi la babu yake, lile ninalolizunguka na kombaini kila mwaka."

Walicheka mpaka wengine wakamwaga chai, na mimi nilifurahi, nakwambia ukweli, nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha bwana Thadei, msimamizi wetu, ambaye alikuwa amekuja kupima unyevu wa ngano na sikuwa nimemwona nyuma ya tairi, na yeye alikuwa anacheka, akafuta macho na kuniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaburi gani unalolizunguka?"

Nilijaribu kusema ni mzaha. Siyo mtu mbaya bwana Thadei, ametoka mkoa mwingine, ana kazi yake na ofisi kuu inamdai kila ekari. Jua lilipotoka alipanda kombaini pamoja na mimi mpaka kwenye kile kipande akaliona, akatembea kulizunguka, akavunja suke akalisugua kiganjani, akasema, "Tukimaliza kuvuna hapa plau inaingia, Jumatatu baada ya mechi. Wewe unapajua, utapalima wewe." Kisha akaniuliza kama nadhani Gervasi atakuwa amepona kifundo cha mguu. Nikamjibu atakuwa amepona. Hebu fikiria, mama, nilimjibu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa maumivu. Kesho yake Sulle alikuja na wimbo, ameutunga juu ya maneno yangu, mfupi wa kuimbwa Hermani akisimama kwenye mstari wa adhabu kutupa mpira, "Ruka Hermani ruka, babu yako kalala", na wenzake wanapiga madebe kwa chini. Sasa unaimbwa karakana, unaimbwa dukani kwenye foleni ya sukari, watoto wangu wameuleta nyumbani nikiwa nakula na Fransiska akauliza maana yake nini, na nilipomweleza aliondoa kibuyu mezani akakiosha na kukifunika. Hajanisema hata neno. Afadhali angenisema.

Na mzee Gidahosh hajui. Analinda usiku, asubuhi sisi tukikaa kwenye umande yeye amekwenda kulala, na huo wimbo wakimwona wananyamaza, kwa hiyo aibu wanayo. Juzi jioni alinisubiri njiani, nikamwamkia, akaitikia, akaniambia kwamba mwaka huu ameomba ruhusa apande lori la washangiliaji pamoja na sisi, hajawahi kumwona mtoto wake akicheza, anasikia tu watu wakimtaja. Akasema, "Huo mchezo siujui. Utakaa karibu yangu unieleze, nisije nikashangilia pasipofaa." Mama Getruda, nilisema ndiyo mzee. Ningesema nini?

Sasa sili vizuri. Nikimwambia kabla ya mechi namharibia siku ambayo ameingoja, na labda anamwambia kijana, na kijana anacheza akiwa na uchungu au hachezi kabisa. Nikinyamaza, atausikia wimbo uwanjani mbele ya watu wote, akiwa amekaa kando yangu. Nikikataa kulima, bwana Thadei anaweza kunishusha kwenye mashine au kunifukuza, na hata nikifukuzwa atampa mwingine alime, kaburi litaondoka na mimi nitaondoka, sasa faida yake iko wapi? Wakati mwingine najiambia nisiende kwenye mechi, nijifanye ninaumwa, lori liende, mambo yatokee bila mimi. Miaka yote nilikuwa nimefanya jambo moja zuri kimya kimya, na nimelibomoa kwa sentensi moja ili watu wacheke. Nifanye nini, mama? Na tafadhali usiandike jina langu.

Ni mimi,
Mwendesha kombaini, Hanang

MAMA GETRUDA ANAJIBU

Ndugu mwendesha kombaini,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikasirika, na jibu hili nimeliandika nikiwa katikati.

Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba, na mengine ambayo hukuomba. Lakini kombaini sikuweza kuibadilisha, wala kile kilima, wala mechi. Mtu yeyote wa huko akisoma safu hii atajua ni nani. Kwa hiyo nimekutumia jibu hili kwa posta kabla halijachapwa, nalo linatoka gazetini kabla ya mechi yenu. Usilisubiri gazeti. Mzee huyo lazima asikie kutoka kwako, na ukimwacha asomewe na mtu kwenye foleni ya sukari utakuwa umemkosea mara tatu.

Nianze na hilo unalolizungukazunguka. Unaniambia unaogopa kumharibia siku yake. Siku yake umeshaiharibu. Ilikwisha haribika siku ile chini ya kombaini, sema yeye bado hajapewa taarifa. Unachoamua sasa ni mahali gani atapewa, nyumbani kwake akiwa na nafasi ya kusimama, kukasirika na kukufukuza, au kwenye benchi la uwanjani akiwa amebanwa kati ya watu wanaopiga madebe, mtoto wake akiwa mbele yake na mpira mkononi. Ukiipanga hivyo sidhani kama unahitaji mshauri.

Basi nenda kwake. Usimvizie njiani wala usimfuate lindoni, nenda nyumbani, mchana, akiwa ameamka. Mwamkie kama siku zote. Usianze na kueleza jinsi watu walivyocheka, wala usitumie neno "mzaha", hilo ni neno la kujisaidia wewe. Mwambie ulichosema kama ulivyokisema, mwambie nani alikuwepo, mwambie msimamizi ameona na ameamuru nini na lini, mwambie na wimbo, maneno yake yote, uyaseme kwa mdomo wako mwenyewe. Mila za Wabarbaigi sizijui na sitajifanya nazijua mbele yako. Kama kuna mzee wa kwao mnayeheshimiana naye, muulize kwanza namna ya kuingia na neno kama hilo katika boma. Na ukiambiwa uondoke, ondoka. Usiombe msamaha siku hiyo hiyo kana kwamba una tiketi. Siku hiyo omba usikilizwe, inatosha.

Kuhusu kijana Hermani, huyo ni mtu mzima anayekwenda kufundisha watoto wa wenzetu. Baba yake ndiye atakayeamua kumwambia au la. Wewe umeshaamua mengi ya familia hiyo bila kuulizwa.

Sasa wimbo. Unanilalamikia kuhusu Sulle kama vile wimbo umetoka mbinguni. Maneno ni yako, yeye ameongeza madebe tu. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla jua halijakausha hiyo ngano yenu, usichambue Gervasi wala nani. Simama mbele ya wale wale, pale pale, useme kwamba ulikosea, kwamba mtu aliyezikwa pale ni baba wa mlinzi wao anayelinda mashine wao wakiwa wamelala, na kwamba wimbo huo usipande lori. Watakuzomea kidogo, nakuambia mapema. Unasema ukinyamaza wanakuuliza unaumwa nini, basi hilo jina lako la mchambuzi litumie mara moja kwa kazi yenye maana. Sulle akikataa, mfuate karakana mkiwa wawili. Mtu anayenyamaza akimwona mzee anapita bado anajua alichofanya, na mtu wa namna hiyo anabembelezeka.

Na ujinga wa kujifanya unaumwa siku ya mechi sitaki kuusikia. Utakwenda, uwe umekaa karibu na mzee au umekaa mwisho kabisa wa uwanja peke yako, atakavyotaka yeye.

Tumebakiwa na plau. Hapa sikugombezi, kwa sababu hapa kuna watoto wanaokula kwa mshahara wako na mimi siwezi kutoa amri nikiwa ofisini mjini halafu wewe ndiye ulale njaa. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba msimamizi siyo mtu mbaya. Mtu huyo aliona udongo na majani katikati ya ngano, akahesabu ekari, kwa sababu hakuna aliyemwambia kingine. Wewe ulimpeleka mpaka pale ukanyamaza, na alipokuuliza kifundo cha Gervasi ukapata sauti. Rudi kwake. Ukishaongea na mzee Gidahosh, na akiridhia, nendeni pamoja, na ikibidi nendeni mpaka kwa mkurugenzi wa shamba, na diwani, na padri wenu kama anasikilizwa huko. Mwenye kusema awe mzee, wewe uwe shahidi kwamba kwa misimu yote hiyo shamba halikufa kwa kuzunguka kilima kimoja. Usiende kumwombea kama mtoto. Hilo ni jambo lake tangu kabla yako.

Wakikataa, Jumatatu usipande trekta hiyo. Unasema mwingine atapewa. Ndiyo, huenda akapewa, na huenda naye akashuka, na huenda asishuke, hilo siwezi kukuahidi. Unaniuliza faida iko wapi. Faida ni kwamba mzee yule alisimama mbele ya trekta mara moja akakuta aliyekaa juu yake ni mtu. Zungumza na Fransiska kabla, usimfanyie uamuzi, ingawa kwa jinsi alivyofunika kile kibuyu nadhani mkeo ameshaamua zamani na anakusubiri wewe.

Mwisho nina neno moja. Barua yako ni ndefu na umenitajia watu wengi. Umenitajia mkeo, fundi, msimamizi, mlinzi na mtoto wake. Wachezaji unawajua mpaka anayeanzia benchi, mpaka kifundo cha mguu kinachouma. Aliyelala pale umemwita baba wa mzee, ukamwita babu wa kijana, mara nyingine ukamwita kaburi. Misimu yote hiyo umemzunguka mtu usiyemjua, na ndiyo maana siku ulipohitaji kicheko ulimwona yuko karibu na hana mwenyewe. Ukifika kwa Gidahosh na akikubali ukae, ukishasema yako yote, muulize baba yake alikuwa nani. Akikueleza, kaa usikilize mpaka mwisho hata kama jua limetua. Ili Jumatatu asubuhi, ukiulizwa kwa nini hupandi trekta, uwe na mtu wa kumtaja.

Mama Getruda